Herufi Kwenye Jani la Maharage

Asubuhi za utoto wangu zilianza na mlio wa nyundo juu ya bati. Baba alikuwa fundi bati pale Mtendeni, mjini Tabora, kama babu yake aliyefika na misafara kutoka pwani akaupenda mji, asirudi tena. Aligonga ndoo, makarai na masanduku ya wanafunzi. Upande wa pili wa ua Mama alikuwa na matuta yake ya mchicha, kunde na maharage, na harufu ya udongo uliomwagiwa maji ilitufikia hata chumbani.

Nilipokuwa darasa la sita, kiangazi kikiwa kimekolea, Baba alijenga banda jipya la kazi kando ya matuta ya Mama, refu, la mabati yanayong'aa. Lilimpendeza hata akawa anawaita wapita njia waje kulitazama. Haikupita muda mboga zikaanza kudhoofika. Mchicha ulirefuka, ukawa mwembamba kama uzi, majani yakapauka. Mama aliongeza samadi, akaongeza maji, ikawa ni kutwanga maji kwenye kinu. Jirani yetu Bi Sauda alinong'ona kwamba ni kijicho cha watu. Mama alicheka, akasema dua la kuku halimpati mwewe, lakini jioni nilimwona amechuchumaa peke yake, akiyagusa majani kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa.

Wiki hiyohiyo Mwalimu Nyamizi, aliyetufundisha sayansi, akafikia somo la usanisinuru. Alituambia kwamba umbijani, ile rangi ya kijani ya jani, hunasa mwanga wa jua. Kwa nguvu hiyo jani huunganisha maji yanayopanda kutoka mizizini na hewa ukaa inayoingia kwa vitundu vyake, likajitengenezea sukari, na nyingine likaiweka akiba kama wanga. Kengele ilipolia nilikimbia moja kwa moja hadi nyumbani.

"Shikamoo Baba. Banda lako linaziua mboga za Mama! Zinakula jua, na banda limeliziba."

"Marahaba. Mboga zinakula samadi, mwanangu," alijibu bila kuacha kugonga. Kisha akamtazama Mama, akaweka nyundo chini. "Haya. Macho hayana pazia. Kama zinakula jua, na tulione jua lenyewe ndani ya jani. Likionekana, banda nalihamisha."

Mwalimu alipopata habari alifurahi kuliko mimi. Kwa maelekezo yake tulichagua jani pana la maharage yaliyokuwa pembeni, palipofika jua, tukalifunika kwa siku mbili ili akiba yake iishe. Baba akakata bati laini la mkebe, akatoboa katikati herufi M, ya Mwajuma, jina la Mama, akalibana juu ya jani. Siku nzima jua likapita kwenye ile herufi tu. Jioni Mwalimu akaja na vichupa vyake. Akalichemsha jani katika maji, akaliweka ndani ya chupa ya spiriti iliyokaa kwenye maji ya moto, mbali na jiko, hadi rangi yote ikatoka. Likabaki jeupe, halina kitu. Akalisuuza, akalitandaza kwenye sahani, akadondosha ayodini.

Polepole M ikajitokeza, nyeusi yenye ubluu, rangi ya ayodini inapokuta wanga, na pembeni pote jani likabaki hudhurungi.

"Mwajuma!" Baba alipiga kelele. "Njoo uone, jua limekuandika!"

Mama alijifunika uso kwa kanga akicheka. Kesho yake Baba alipanda juu ya banda, akang'oa mabati aliyoyaringia, akalihamishia banda kando ya ukuta, pasipoota kitu. Kabla mvua hazijaanza tulikula mchicha wa karanga hadi Bi Sauda akaomba mbegu.

Leo naishi Ipuli, mtaa wa nyumba mpya. Tunajenga kuta ndefu, tunasakafia ua mzima, halafu tunanunua mchicha ulionyauka barabarani. Watoto wangu wanaujua usanisinuru kwa ghibu na wanaufaulu kwenye mitihani, lakini hawana hata tuta moja. Mwezi uliopita nilimwita fundi avunje sakafu na apunguze ukuta wa mashariki. Aliniuliza kama siogopi wezi.

"Punguza," nilimwambia. "Huku ndiko tutakakopanda maharage."