Swali Ambalo Amondi Hakutaka Kujibu

Rachael Nalianya alikuwa mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji cha Raila, Kibera. Asubuhi aliuza mboga za sukuma. Mchana alizunguka kwa kina mama waliojifungua, akiangalia kadi za chanjo na vitovu vya watoto. Mwaka huo wahudumu walifunzwa pia kuuliza maswali kumi kuhusu hali ya moyo wa mama. Rachael aliogopa la mwisho: umewahi kufikiria kujidhuru?

Jumatano moja alibisha kwa Amondi, aliyekuwa na mtoto wa wiki sita. Alimkuta ameketi kitandani, mikono ameificha kwapani. Mtoto, Celine, alikuwa mapajani mwa nyanyake, Awiti, aliyetoka Siaya kuja kumsaidia mke wa mwanawe, Billy.

"Sasa, Mama Celine. Usingizi unapata?"

"Analala sana," Awiti akajibu. "Hata kuosha mtoto hataki. Ni mimi tu."

Amondi hakuinua macho. Rachael akauliza la pili. Awiti akajibu tena. Kalamu ikasimama.

"Mathe, mtoto hajaona jua leo. Mtoe nje kidogo, nimalizane na mama yake."

Awiti akatoka akinung'unika. Rachael akarudisha mlango, akavuta stuli karibu. Amondi alijibu neno moja moja, na kila jibu liliongeza alama za hatari kwenye fomu. Walipofika la kumi, lile la kujidhuru, akatazama mlango.

"Nikisema, mtamchukua?" aliuliza.

Rachael alichagua maneno yake. "Sijakuja kumchukua mtoto. Nimekuja kujua uko aje. Chochote utakachosema, sitakuacha hapa peke yako."

Amondi akaitoa mikono kwapani. "Nikimshika juu ya maji, naona mikono yangu ikimwachilia. Sitaki, lakini naona tu. Ndiyo maana simwoshi. Juzi nilienda nikasimama kwa reli. Nikawaza, treni ikinigonga, Celine atakuwa salama."

Rachael alimpigia simu nesi wa kliniki, Simeon, mbele ya Amondi. "Mlete saa hii," Simeon akasema. "Usimwache hata dakika."

Mlango ukasukumwa. "Mnaficha nini?" Awiti aliuliza.

"Mathe, Amondi ni mgonjwa. Tunaenda kliniki."

"Mgonjwa wa nini? Homa hana."

Rachael akamtazama Amondi. Siri haikuwa yake. Amondi ndiye aliyesema. "Mama, si uvivu. Kichwa changu kinaniambia nife."

Awiti akamfunga Celine mgongoni, akamshika Amondi mkono. "Vaa viatu, nyara, binti yangu."

Kule kliniki, wakati Amondi akiwa ndani na Simeon, Awiti aligeuka kwenye benchi. "Nilipomzaa Billy, nililia miezi minne," alimwambia Rachael. "Hakuna aliyeniuliza."

Simeon alimweleza Amondi kwamba picha zile alizoona kichwani zilikuwa za ugonjwa, hazikuwa nia yake, na kwamba ugonjwa huo unatibika. Alimpa dawa na siku ya kuja kuongea kila wiki. Mwezi wa kwanza Awiti na Billy walipokezana kukaa naye. Amondi hakuachwa peke yake.

Dawa zilichelewa kushika. Alilia siku nyingi, na mara moja alikataa kurudi kliniki, hadi Rachael akaja kumchukua. Lakini kufikia mwezi wa tatu alikuwa akienda mwenyewe, Celine mgongoni, akisimama njiani kupiga gumzo na majirani.