Mwalimu Mkuu wa Kule Uingereza

Hii aibu naitoa mwenyewe kabla Neema hajawasimulia, maana yeye akisimulia huongeza chumvi, na kisa chenyewe hakihitaji hata punje.

Neema ni mchumba wangu. Baba yake alishafariki, kwa hiyo mwenye kauli ya mwisho juu ya posa ni baba yake mkubwa, Mzee Lwitiko, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anayeishi na wanawe DeSoto, pembeni ya Dallas, huku Marekani. Neema akashauri tumpeleke mzee kula nyama choma kwa Wakenya wa Arlington, tupige stori, yaishe. Mimi nikajifanya mjanja. Mzee alikuwa akilalamika kwamba filamu za Kimarekani ni makelele na mabunduki, basi nilipoona tangazo la filamu ya Waingereza, watoto na sare zao mbele ya jengo la zamani, nikajisemea hii ndiyo yenyewe, nikakata tiketi tatu bila kutazama hata trela (dakika mbili tu, jamani, zilinishinda nini?).

Ilikuwa filamu ya kutisha.

Lakini niseme ukweli, ile filamu imetengenezwa na watu wanaojua kazi. Hela hawakuwa nazo, unaona kabisa: shule moja, korido moja, watoto wachache wanaozungushwa waonekane wengi. Damu hakuna. Wamechukua tu vitu unavyovijua, ubao, kengele, viatu vya mwalimu vinavyokuja polepole sakafuni, na ule ukimya wa darasa lililofanya kosa, wakakutia hofu navyo. Neema akaninong'oneza, "Babe, si ulisema ume-check hii movie?" Nikamwambia mimi vitu hivi havinitishi, amwangalie mzee tu. Mzee alikuwa ametulia kama yuko ibadani.

Ndipo mwalimu mkuu, ambaye tulishaambiwa alikufa zamani, akafungua mlango wa darasa, akasimama, akatutazama sisi, siyo watoto, sisi, na mimi nikainuka, mikono ubavuni, kifua mbele, nikasema kwa sauti ya kusikika Dallas nzima, "Shikamoo mwalimu."

Soda iliyokuwa mapajani ikamwendea mama wa mbele shingoni. Akapiga yowe, na ukumbi mzima ukadhani kuna kitu kwenye filamu hawajakiona, nao wakapiga. Wa nyuma wakanifokea nikae. Nilitaka kukaa, naapa, lakini magoti yaligoma, kwa sababu (mliosoma kule nyumbani mnajua) mwalimu alikuwa hajaturuhusu. Mhudumu akaja na tochi kuuliza kama naumwa. Neema, ambaye ni nesi kabisa, akajifanya hanijui.

Mara sauti nzito ikatoka kiti cha pembeni.

"Marahaba. Kaa chini."

Alikuwa Mzee Lwitiko. Nikakaa.

Njia nzima hadi DeSoto nikawa naendesha huku namuaga Neema kimoyomoyo. Tulipofika kwake hakushuka.

"Nimefundisha maisha yangu yote," akasema. "Tangu nije huku, wajukuu wananijibu Kiingereza wamelala kwenye kochi. Hakuna aliyewahi kuinuka kwa ajili yangu."

"Baba, samahani," nikasema, "mimi niliinuka kwa ajili ya yule wa kwenye filamu." (Hata uongo ulinikimbia.)

"Najua. Lakini aliyekuitikia ni mimi." Akafungua mlango wa gari. "Mwambie mshenga wako aje Jumapili."

Nimeapa sitampeleka tena mkubwa yeyote kutazama kitu ambacho sijakiona mwenyewe. Ile filamu nimeirudia nyumbani, peke yangu, mchana, mapazia wazi, na bado ni nzuri kupita kiasi, na bado yule mwalimu akiingia nashika kochi kwa mikono miwili.