Gari Lililokuja Kimya

Usiku mmoja wa mwaka 1987, Ursula alikaa macho nyumbani kwake Iringo akimsubiri mumewe Masatu arudi kutoka Bunda. Gari lao kuukuu lilizoea kugonga kwenye kila shimo, naye hulisikia tangu kona ya mbali. Leo hakusikia kitu, akashtukia tu mlango unabishwa.

"Mbona umekuja kimya?" Ursula aliuliza kutoka ndani, mlango ungali umefungwa.

"Nimefunga shokapu mpya, mama Rafaeli. Hata kwenye kona haliyumbi. Helena alisema linamuumiza mgongo."

Helena, mchuuzi wa samaki, alikuwa amepanda gari hilo mara moja tu. Ursula alililalamikia miaka yote.

"Kumbe mgongo wangu ulikuwaga wa chuma. Basi lala humo garini, si limetulia?"

Komeo la mlango hakuligusa.