Nilimkagua Kabla ya Kumshika

Cheka ukitaka, hata mimi ningecheka kama wewe ndiye ungekuwa unanisimulia. Lakini jambo hili lilinipata nyumbani kwetu karibu na Khayega, mchana, nikiwa nimeshiba na sijaonja hata tone la pombe ya busaa.

Ilikuwa likizo, miaka ya tisini. Nilikuwa nafundisha kompyuta chuoni, na kwa kiburi cha watu wa aina yangu nilikuwa naandika mfumo endeshi wangu mwenyewe, kana kwamba dunia ilikuwa inaungoja. Ulikuwa unaanguka kila mara. Nikueleze kidogo. Programu haijui kumbukumbu halisi ya mashine iko wapi. Hupewa anwani za kudhania tu. Kiini cha mfumo ndicho kinachojua kila anwani inaelekea wapi, au kama haielekei popote. Kwa hiyo programu ikisema, "Nisomee kilicho hapa," kiini kisiiamini. Kikague kwanza: anwani hii ni yako? Nyuma yake kuna kitu? Kikigusa pasipo na kitu, mashine nzima inazimia. Na mimi nilikuwa nakagua. Sasa mbona mfumo ulizidi kuanguka?

Basi nilikuwa barazani, kompyuta mapajani, mvua yetu ya kila alasiri inapiga mabati, mtu akasimama nje ya lango.

"Mulembe, msomi."

Kaka yangu Shivachi alikwenda Uganda kutafuta kazi nikiwa shule ya msingi, hakurudi. Mwishowe wazee walizika gogo la mgomba badala yake, kama tunavyofanya mwili ukikosekana. Mama alikataa kutupa udongo kaburini. Aliendelea kumwekea sahani ya obusuma, ugali wetu, kila jioni, miaka nenda rudi. Mwaka ule ndio kwanza alikuwa ameacha.

Sauti niliijua. Mwenyewe sikumwamini. Nakuapia, sijawahi kukagua kitu kwa makini vile.

"Baba alikuwa anachechemea kwa nini?"

"Si jembe lilimkata kidole cha mguu?" Akacheka. "Na wewe ulikuwa unakimbizwanga na bata mpaka kwa choo. Sasa unanihoji kama askari wa chifu, na mimi nanyeshewa?"

Nani mwingine angejua habari za bata? Nikaridhika. Nikageukia mlango nikaita, "Mama! Shivachi amekuja!"

Mama alitoka mbio, miguu mitupu, unga mikononi. Nilimtangulia langoni nikamshika kaka yangu mkono. Ulikuwa baridi, umejaa maji, ukabonyea tabaka kwa tabaka kama gogo la mgomba. Kisha nikawa nimeshika mvua.

"Yuko wapi?" Mama aliuliza.

Nikamweleza yote, maswali na majibu.

"Alikujibu?"

"Alinijibu."

"Basi alikuwa yeye, baba. Ungemshika kwanza, ndipo uniite."

Mimi nilirudi kwenye kompyuta, maana sikuwa na pengine pa kwenda, na humo nikaliona kosa nililolitafuta likizo nzima. Kiini changu kilikuwa kinakagua anwani, kinakwenda kufanya jambo jingine, ndipo kinarudi kuigusa. Hapo katikati kilichokuwa nyuma yake kilikuwa kimekwisha ondolewa. Ukaguzi wenyewe ulikuwa wa kweli. Ulikuwa umepitwa tu. Nikarekebisha. Mfumo haukuanguka tena, na hakuna mtu aliyewahi kuutumia.

Mama alianza tena kuweka sahani. Kila mvua iliponyesha alisimama langoni, mkono ameunyoosha nje, na hakuna aliyeweza kumrudisha ndani, mpaka nimonia ikamchukua. Shati nililovaa siku ile bado ninalo. Utomvu wa mgomba hautoki. Mkono wa kulia wote ni mweusi.

Kwa hiyo siku mtu wako akisimama langoni, muulize chochote, lakini uwe umeshamshika. Kama huwezi kumshika, mwache apite na mvua yake, na mama yako usimwambie kitu.