Wimbo wa Mama Adela Ulioimbwa Mara Mbili

Kuna watu wakinisikia nikisimulia haya huanza kutazamana, na mmoja lazima aulize nilikuwa nimekunywa nini. Sikuwa nimekunywa kitu. Ilikuwa saa tisa mchana, siku ya kazi, na chai yangu ilikuwa mezani haijaisha. Anayetaka kubisha abishe, lakini anisikilize kwanza mpaka mwisho.

Mimi ni mtu wa Kirushya, kule Ngara, ila studio yangu iko Nyakahura, karibu na soko. Nikisema studio usije ukafikiria makubwa. Ni chumba kimoja, magodoro ya zamani nimeyapigilia ukutani kuzuia kelele, maiki moja, na kompyuta ambayo programu yake ya kurekodia alininakilia rafiki. Vya bure vina visirani vyake. Inaganda inapotaka, inajifunga yenyewe katikati ya kazi, na kama hujasevu, imekula kwako. Kwaya kadhaa za huku zimewahi kunirudia kuimba upya kwa sababu hiyo, nami kila mara nasema sauti haikukaa vizuri. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Mama Adela alikuja mara ya kwanza akiwa mgonjwa. Alikuwa mwimbishaji wa kwaya ya kigango chao huko Nyamigogo, mwenye sauti ya kukufanya uache unachofanya, lakini kifua kilikuwa kimemshika vibaya. Binti yake wa pekee, Adela, alikuwa ameshachumbiwa, na mama aliniambia wazi kwamba harusi haitamkuta. Alitaka kuacha wimbo alioutunga mwenyewe kwa Kihangaza, upigwe siku Adela anatolewa nyumbani kwenda kanisani. Yeye anaimba ubeti, halafu anaacha nafasi wanawake wa kwaya yake, aliokwisha kuwafundisha, waitikie. Aliuimba huku anakohoa, anaketi, anainuka tena. Ilituchukua asubuhi nzima. Alipomaliza nikabonyeza kusevu, na programu ikaganda. Nilipoiwasha upya hapakuwa na kitu.

Yeye alikuwa ameketi kwenye benchi nje, anahema. Ningeanzaje? Kwetu mgonjwa haambiwi jambo la kumvunja moyo. Nikamwambia wimbo upo. Wiki iliyofuata akanipigia simu, sauti imekwisha kabisa, akauliza, "Mwanangu, wimbo wangu upo?" Nikasema upo, mama, wewe pona tu. Nilipanga akipata nafuu nimwite kwa kisingizio chochote aurudie. Moyoni nilikuwa najichukia, sikufichi.

Sasa sikiliza. Jumatano moja mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nainua macho, Mama Adela huyo mlangoni, kavaa kitenge cha kwaya, amesimama wima kama msichana. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Nikasema, "Shikamoo mama, kumbe umepona." Hakuitikia. Alisema tu, "Nimekuja kuurudia ule uliopotea."

Nani alimwambia? Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mke wangu. Aibu ilinishika, nikainamia kompyuta na kufungua faili jipya. Nilimpa hedifoni akazikataa, akaanza kuimba.

Niamini, hapo ndipo mwili ulipoanza kunisisimka. Wakati mtu anaimba mimi huwa natazama sauti inavyojichora kwenye kioo cha kompyuta. Kazi yangu kubwa ya kila siku ni kufuta pumzi, maana mwimbaji hata awe hodari vipi, kati ya mstari na mstari huvuta hewa, maiki inainasa, unaona kivimbe kidogo. Kwa Mama Adela hapakuwa na kivimbe hata kimoja. Inakuja sauti, halafu mstari ulionyooka, halafu sauti tena, dakika nne nzima. Na huyu ndiye aliyekuwa anakohoa mpaka anashika ukuta. Nikajiambia labda dawa za hospitali zimemkubali.

Alipomaliza akauliza, "Umeutunza?"

"Bado kidogo, mama."

"Utunze kwanza," akasema, akageuka kuondoka.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni la malezi. Huku mtu mzima hatoki kwako wewe ukabaki umeketi. Unamsindikiza, hata hatua chache, la sivyo umemdharau. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kipanya. Nikauondoa, nikainuka. Akaniambia, "Keti, maliza kazi yako." Nikadhani ni ile adabu ya wageni, wanaokataa kusindikizwa huku wanataka. Nikamfuata.

Nyuma ya soko kuna njia inayoingia kwenye migomba. Alitembea mbele yangu. Tulipishana na mama mmoja muuza ndizi ninayemfahamu, akanisalimia mimi peke yangu na kuniuliza naharakia wapi. Tulipofika penye migomba Mama Adela akasimama. "Rudi," alisema bila kunitazama. "Huku siyo njia yako." Hakuwa amekasirika. Nilirudi mbio, na wakati huo sikujua nakimbia nini.

Programu ilikuwa imejifunga. Nilipekua kila folda, mpaka kwenye vilivyofutwa. Kilichobaki ni faili moja la dakika nne, tupu, mstari umenyooka mwanzo mpaka mwisho.

Ijumaa Adela akaja na shangazi yake. Nilipoona kitambaa cha msiba kichwani mwake nikauliza kuna nini. "Kaka, mama tulimzika Jumatatu," akasema. "Alituambia wimbo uko kwako. Hilo ndilo lililomtuliza mpaka mwisho."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi, na mimi yangu ilikuwa imefika mwisho. Nilimweleza Adela yote, la kuganda, la simu, la Jumatano, nikilia mbele yake bila haya. Shangazi akaniita mlevi na tapeli. Adela akauliza kama hilo faili tupu bado ninalo. Nikasema ninalo. "Usilifute," akasema. "Siku ya harusi utakuja kulipiga."

Harusi ilisubiri msiba upoe. Siku ilipofika nikapeleka spika zangu Nyamigogo. Adela akasimama mlangoni na shela lake, akaniashiria, nikabonyeza. Mimi nilisikia jenereta na kuku wa jirani, basi. Mara wanawake wa kwaya wakaitikia, mahali pake hasa. Wakanyamaza ubeti mzima, wakaitikia tena. Bibi mmoja alikuwa anajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Adela alikuwa ameikazia macho spika, anatikisa kichwa kama anayejibu. Nilidhani wamepanga kunisitiri. Dakika nne zilipoisha vikapigwa vigelegele, na yule shangazi akaja kunishika mkono. "Utusamehe kwa yale maneno," akasema. "Sauti yake imetoka safi, hata kikohozi hakisikiki."

Tangu hapo watu huja na simu zao wanataka niwawekee wimbo wa Mama Adela. Nawawekea lile faili. Wanalisikiliza papo hapo, wengine wanaimba kwa chini, wananishukuru, wanaenda zao. Mimi nimelisikiliza mara nyingi nisizoweza kuhesabu, hedifoni masikioni, sauti mpaka mwisho. Kwangu ni kimya. Nimemwomba mke wangu aniimbie anachokisikia, akaanza, akaishia kulia, na sijamwomba tena.

Basi wewe unayeshika sauti za watu, sevu kabla hujainuka, hata kama anayeondoka ni askofu. Na mgonjwa akikuuliza kitu chake kipo, nawe unajua hakipo, mwambie hakipo, angali anaweza kurudi kwa miguu yake.