Nimeanguka tena, na nilikuwa nimeikala

Leo nimeanguka na moto, ile pikipiki, mara ya pili, na nilikuwa nimeikala ku banc ya kungojea ya hôpital.

Ngojeni nieleze.

Kichwa yangu ilipasuka mu accident ya moto kule Kavumu. Walinishona, nikapona. Leo nilienda kwa kontroli tu.

Sasa, maman mwenye anaandikaka magonjwa yetu ku mashini ya ordinateur iko na code mbili: moja ya mutu ameumia kichwa leo, ingine ya mutu anarudia kuangaliwa. Mimi akanitilia ile ya leo.

Mutuelle yenye inatulipiaka dawa ikaona accident mupya. Ikapigia bibi yangu simu: "Maman, bwana yako ameumia tena kichwa."

Mimi huku nangojea dawa, nakula beignet.

Mara nasikia kilio. Bibi yangu, mama mukwe, bashangazi bake benye banaikalaka Nguba, matelas ya kulalia, sufuria ya bugali. Mama mukwe alikuwa tayari amevaa kikwembe ya matanga.

Bibi akashika kichwa yangu, akaigeuza kama mutu anachagua tunda ya avocat ku soko.

"Uliapa mbele ya padri kama hautapanda moto tena."

"Maman, sijaanguka."

"Ordinateur haidanganyake."

Maman wa code akatoka, akaeleza, akaomba pardon. Bote bakapumua. Bugali ikafunguliwa, tukakula na bagonjwa bengine. Hata bibi akacheka.

Njo motard, mwenye kuendesha moto, akaingiza kichwa ku portail ya hôpital:

"Papa, nikungojee tena ao urudi na muguu?"

Mwenye iko na kitanda ya kunilaza leo, quartier Nyalukemba, aniandikie.