Kengele ya Dimtu na Tableti Iliyosahauliwa

Ipo siku moja ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu, na ninaikumbuka kwa masikio kuliko kwa macho: kengele ya mti ikilia mkononi mwangu badala ya shingoni mwa mbuzi. Kaa nikusimulie ilifikaje mkononi. Na nikikuita mwanangu usinicheke. Najua mimi mwenyewe bado kijana, thelathini inaniita kwa mbali, na shule yangu si ya kujivunia. Lakini nyanya yangu, ambaye kwetu Waborana tunamwita Akko, aliniambia kwamba aliyekosea mapema ana ruhusa ya kuonya mapema. Natumia ruhusa hiyo.

Wakati huo nilikuwa naishi na Akko kule Burat, nje kidogo ya mji wa Isiolo. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini ndoto hazikuniacha. Nilitaka kuwa daktari wa mifugo, na kama si daktari, basi yule anayembebea sanduku la dawa, mradi tu niwe karibu na sindano. Nikajiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne nikisomea nyumbani. Mwalimu wangu alikuwa tableti. Vitabuni wanaiita kishikwambi, jina zuri, lakini kwetu hakuna anayelitumia. Binamu yangu alinipa aliponunua nyingine. Ilikuwa na ufa kwenye kona ya kioo, mwembamba kama mto wakati wa kiangazi, na ndani yake kulikuwa na programu yenye masomo yote. Kila asubuhi niliifungua nikiwa na chai mkononi, nikajiona niko chuoni.

Asubuhi moja programu ikakataa kufunguka. Ikaandika kwamba kifaa changu ni cha zamani, nikisasishe kwanza. Nikaingia kwenye mipangilio nikisasishe. Huko nako nikaambiwa kifaa chako kiko sawa, hakuna jipya. Nikarudi kwenye programu: wewe ni wa zamani. Nikarudi kwenye mipangilio: wewe uko sawa. Nilienda na kurudi kama mzee anayetumwa na barua yake kutoka ofisi hii mpaka ile, na ile inamrudisha hii, mpaka chai ikapoa. Mwisho nikaweka kichwa mezani nikalia. Mtihani ulikuwa umebakiza miezi michache. Nikiukosa mwaka ule, sikuwa na hakika kama moyo wangu ungepata nguvu ya kuanza tena.

Akko alikuja akanishika bega. Nilimweleza kwamba waliotengeneza kitu hiki, huko mbali, wameamua kimezeeka na hawataki kukiangalia tena, ingawa kinawaka na hakina kosa.

"Hakina kosa na wamekiacha?" akauliza.

"Ndiyo, Akko."

Akakipapasa kile kioo kwa kiganja kama anavyopapasa ndama mgonjwa. "Pole yake," akasema. Alikihurumia kile kifaa kabla ya kunihurumia mimi.

Siku iliyofuata Akko akasafiri kwenda Kinna kumwona shangazi yangu aliyejifungua. Mimi nikaenda mjini kwa fundi Mwenda, anayetengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi.

"Chaji inakaa?" akaniuliza.

"Inakaa."

"Kioo inashika ukigusa?"

"Inashika."

"Sasa dada, unataka nitibu mgonjwa gani? Hii haijaugua. Wenye waliitengeneza ndio waliacha kuiletea dawa. Walisema miaka yake imeisha."

"Imeisha na iko hai?"

"Iko hai. Hata mimi hushangaa."

Akanionyesha nyingine, iliyotumika kidogo, nyeusi, inang'aa. Programu yangu ya masomo ikafunguka pale pale. "Hii leo inafungua," akasema. "Kesho sijui. Hizi vitu huzeeka hata zikiwa ndani ya boksi." Mwanangu, nilisikia neno leo. Neno kesho halikunifikia. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi nilikuwa nimeshapofuka kwa ule mng'ao.

Sikuwa na kitu cha kuuza isipokuwa Dimtu.

Dimtu kwa lugha yetu ni jike mwekundu. Alikuwa mbuzi wangu, Akko alinipa nikiwa darasa la tatu. Sasa alikuwa mzee, meno yamepungua, na mwaka wa pili ulikuwa unapita bila kuzaa. Ndiye aliyevaa kengele, ile ya mti inayolia ko-ko-ko, na wenzake kumi na mmoja walimfuata. Mimi nilikuwa natembea nyuma nikisoma. Nilidhani mchungaji ni mimi.

Siku ya mnada nikampeleka. Dalali akamfungua mdomo, akatazama meno, akamwachilia. "Huyu ni wa supu, dada yangu," akasema. Tulipokubaliana akamvua kengele akanirushia. "Shika. Kwa supu hakuna muziki." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo, ili nisionekane mshamba. Kile kicheko ndicho kinachoniuma kuliko mauzo yenyewe.

Kuna jambo sikulifanya. Kwetu, mnyama akitoka bomani asirudi tena, unanyofoa nywele za mkia wake, unazichomeka kwenye miiba ya boma, na unamwambia kwa sauti kwamba unamwachilia. Bila hivyo, wazee husema, anaondoka na baraka zenu zote. Mimi sikusahau. Niliona tu nitashindwa kumwambia maneno yale nikiwa namtazama machoni. Mwanangu, ukiona jambo huwezi kulisema mbele ya yule unayemtendea, jua hapo pana kitu kibaya.

Kesho yake nikawafungua mbuzi kama kawaida, tableti mpya mkononi. Njia yetu ya kwenda mtoni hupita kati ya uzio wa kambi ya jeshi na shamba la Mama Ekai, jirani yetu Mturkana. Niliwatanguliza, nikafuata nyuma nikisoma sura ya wanyama wanaocheua, wale wenye matumbo manne. Nilipoinua macho, matumbo arobaini na manne yalikuwa ndani ya maharagwe ya Mama Ekai.

Yeye alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni.

"Talaso, habari ya asubuhi. Naona umeniletea wageni."

"Pole, Mama Ekai. Pole sana."

"Hiyo pole uambie maharagwe. Dimtu ako wapi?"

Nikajifanya nafukuza mbuzi.

"Umeuza?" Akatikisa kichwa. "Miaka yote hiyo, huyo mbuzi hajawahi kugeuza shingo kwa shamba yangu. Ako na heshima kuliko watoto yangu. Umeniuzia askari, msichana."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Dimtu alikuwa anaishika njia nzima kichwani mwake. Alijua mahali pa kukaza mwendo na mahali pa kugeuka, na wenzake walikuwa hawajui lolote ila mlio wa kengele. Nilikimbia mpaka mjini kumtafuta dalali, nikiwa tayari kurudisha ile tableti na kuongeza kazi ya mikono yangu. Akanitazama kwa huruma. Alisema, "Dada, supu ni ya asubuhi." Maji yakimwagika hayazoleki.

Akko alirudi jioni ile na ndizi za Kinna. Hakuuliza kitu mpaka alipohesabu boma kwa macho.

"Dimtu yuko wapi?"

"Nimemuuza, Akko. Alikuwa mzee. Alikuwa hazai tena." Nikamwonyesha tableti mpya, kana kwamba ingenitetea.

Akakaa chini polepole. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza.

"Juzi ulilia hapa," akasema, "kwa sababu watu wa mbali wamekiacha kitu chako hali kizima, kwa kuwa kimezeeka. Nikakuhurumia. Nikawalaumu watu nisiowajua. Kumbe wewe hukuwa unalia, Talaso. Ulikuwa unajifunza kwao."

Mwanangu, nimewahi kuchapwa na nimewahi kutukanwa, lakini sijawahi kupigwa na neno kama lile.

"Sisi mbuzi mzee hatumuulizi anatoa nini," akaendelea. "Tunamuuliza anajua nini. Ulinyofoa nywele?"

"Hapana."

Akaomba kengele. Akaigeuza geuza, akavuta mkanda wake wa ngozi karibu na macho yake mabovu, kisha kwa kucha akaanza kuchokoa. Pale kwenye fundo palikuwa na nywele nyekundu tatu nne za shingo, zilizonasa tangu zamani. Akazitoa moja moja. Akaenda kuzichomeka kwenye miiba, akaniita nisimame kando yake, akaniambia niseme. Nikasema. Nilimwambia Dimtu namwachilia, na nilimwomba msamaha, maneno ambayo si ya desturi lakini Akko hakuyakataza.

Kesho yake akanipa kengele. "Kiongozi ulimuuza. Basi tangulia wewe."

Ndiyo siku ile ninayoikumbuka, mwanangu. Mimi mbele, natikisa kengele, ko-ko-ko, mbuzi kumi na mmoja nyuma yangu, na wanajeshi kwenye uzio wananitazama kama mtu aliyepotewa na akili. Mama Ekai alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa huyu ndio askari mpya," akasema, "lakini hana pembe." Wiki mbili nilimpalilia shamba lake kulipia maharagwe, na tulipomaliza alikuwa ananipa uji.

Usidhani hadithi imeisha. Mtihani ukiwa umebakiza wiki sita, ile tableti mpya ikaandika maneno yale yale: wewe ni wa zamani. Mpya ilikuwa mpya kwangu tu. Nilikaa nayo mapajani, sikulia. Akko akachungulia akauliza, "Na hii nayo ni ya supu?" Tukacheka mpaka machozi yakatutoka, mengine ya kicheko, mengine si ya kicheko.

Safari hii sikukimbilia mnada. Niliichukua ile ya kwanza, yenye ufa, iliyokuwa imefungwa kwa leso juu ya kabati, nikaenda kwa fundi Mwenda. Sikumwambia nitengenezee. Nilimuuliza, "Hii bado inaweza nini?"

Akaweka bisibisi chini. "Hapo sasa umeuliza. Kusoma kurasa inaweza. Kupiga picha inaweza. Kurekodi sauti inaweza. Programu za kisasa ndio zimeifungia mlango."

Basi nikaenda kwa mwalimu mmoja wa mjini aliyekuwa akifundisha watu wazima Jumamosi. Akanipa masomo yake yote yakiwa kurasa za kawaida, na Mwenda akayatia kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Hayakuhitaji programu wala bando wala ruhusa ya mtu wa mbali. Tableti ikayafungua taratibu, kama mzee anayetafuta miwani yake, lakini ikayafungua. Nilisoma mbuzi wakiwa wanakunywa mtoni, maana ukitangulia kundi huwezi kusoma njiani. Mtihani nikaufanya. Sikupata alama za kutangazwa redioni, lakini zilitosha kuniingiza kwenye kozi ya cheti cha afya ya mifugo, na sanduku la dawa leo ninalibeba mwenyewe, mpaka Garbatulla, kwenye barabara zinazomtikisa mtu meno.

Najua wewe pia umeketi mahali na kifaa chako kinakuambia umepitwa. Najua hasira yake. Kwanza nisikie: si ujinga wako, wala si umaskini wako. Wanaoviacha vitu vizima njiani ndio wenye deni la aibu, na si vibaya kuwaambia hivyo. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujakitupa, kiulize kinaweza nini. Mambo ya pesa na siri zako usikiwekee tena, maana waliokuwa wakikilinda na wezi wa mtandaoni wameshaondoka. Kisomee, kihifadhie sauti ya nyanya yako. Na siku yake ya kwenda kweli ikifika, toa kwanza kilicho chako ndani yake, picha, barua, majina, kama tunavyonyofoa nywele za mkia. Kitu kisiondoke bomani na baraka zenu kwa sababu ulikuwa na haraka.

Zaidi ya yote, mwanangu, lile ulilotendewa lisikufundishe kulitenda. Mimi lilinifundisha kwa siku moja tu, na siku hiyo ilimtosha Dimtu.

Haya, nenda kwa amani. Mungu akupe maji mahali penye kiangazi na njia mahali penye miiba. Akupe anayekutangulia, na siku ya kutangulia wewe ikifika, akupe shingo isiyogeukia maharagwe ya jirani. Na utakapozeeka, kwa maana utazeeka, usikose mtu wa kukuuliza unajua nini, kabla hajakuuliza unatoa nini.